Rili ya Tulloch: Tuni Moja, Vilima Viwili

Huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kujifunza bagpaipu, lile zumari la Waskoti lenye mfuko unaobanwa kwapani, na kwa miezi minne iliyopita nimekuwa na tuni moja tu mikononi: rili ya Tulloch, tuni ya dansi ambayo wazungumzaji wa Kigaeli, lugha ya asili ya Nyanda za Juu za Uskoti, huiita Ruidhle Thulachain na wachezaji wa dansi hulikatisha jina hilo wakasema Hullachan. Mwalimu wangu, mzee aliyeanza kupiga zumari tangu utotoni, hakunipa karatasi ya noti. Aliketi mbele yangu katika chumba chake kidogo hapa Edinburgh, akaweka viganja juu ya magoti, akaiimba tuni yote kwa mdomo, maneno ya Kigaeli yakimtoka kama punje zinazomwagika kwenye sufuria, kisha akaniambia nisiguse zumari mpaka niweze kuyaimba maneno yale bila kukwama. Nilidhani ule ni mtindo wake wa kufundisha tu. Baadaye, nilipoanza kufuatilia asili ya tuni yenyewe, nikaja kuona kwamba huenda siku ile ya kwanza alikuwa amekwisha kunijibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza.

Kabla ya kuingia kwenye asili hiyo, ni vizuri msomaji ajue chombo chenyewe kinaweza nini na hakiwezi nini, maana historia ya tuni za zumari imefungwa na mipaka ya zumari. Kuna mfuko, kuna bomba la kupulizia, kuna mabomba matatu ya mvumo yanayolala begani, mawili ya sauti ya kati na moja la sauti nzito, na kuna bomba la vidole, ambalo wenyewe huliita chanta. Mabomba ya mvumo hutoa sauti ileile mwanzo hadi mwisho. Chanta ina noti tisa, na ya kumi haipo. Zaidi ya hayo, zumari hili haliwezi kunyamaza katikati ya tuni wala haliwezi kupunguza sauti. Hewa ikishaingia, linalia kwa nguvu moja mpaka mpigaji aache. Kwa hiyo anayetaka kutenganisha noti mbili zinazofanana, au kulipa pigo fulani uzito kuliko jingine, hana njia ila kuchomeka katikati yake madoido, yaani noti fupi mno zinazotokana na kidole kuinuka au kugonga tundu na kuondoka papo hapo. Mgeni husikia madoido hayo kama pambo. Kwa mpigaji ndiyo mdundo wenyewe, kwa sababu bila hayo rili ingekuwa uzi mmoja wa sauti usio na fundo hata moja.

Wapiga zumari hugawa muziki wao mara mbili. Upo ceòl mòr, muziki mkubwa, wenye maombolezo na salamu ndefu ambazo hubadilishwa hatua kwa hatua kutoka kwenye msingi mmoja; na upo ceòl beag, muziki mdogo, ambamo zimo tuni za mwendo wa jeshi na za dansi: jigi, strathspey yenye mwendo wa madaha, na rili. Rili ni muziki wa dansi: kila kipimo kina mapigo mawili mazito, kila pigo hubeba noti nne za haraka, na vipimo vinane hukamilisha sehemu moja kabla ya mpigaji kuhamia sehemu nyingine. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya noti nne kwa pigo, kwa kuwa nitairudia.

Neno rili, kwa maana ya dansi, ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani, na mojawapo ya sehemu za mwanzo kabisa linapoonekana katika maandishi ni ya kusikitisha. Mwaka 1591 kijitabu kilichochapishwa London kilisimulia kesi za uchawi za North Berwick, mji wa pwani mashariki mwa Edinburgh. Humo anatajwa mtumishi wa kike, Geillis Duncan, aliyeteswa ili akiri; mshtakiwa mwenzake alikiri kwamba usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote wao na wenzao walicheza rili kuelekea kanisani, Geillis akiwatangulia na kupiga kinanda kidogo cha chuma kinachoshikwa kwa meno. Mfalme James wa Sita aliamuru aletwe na aipige dansi ileile mbele yake. Binti huyo baadaye aliuawa. Kila ninapoisoma habari hiyo nawaza vidole vyake siku ile, mtu aliyeminywa vidole kwa chombo cha mateso, akilazimishwa kumburudisha mfalme kwa muziki uliotumika kumtia hatiani. Kwa historia ya rili, kilichopo hapo ni hiki: dansi hiyo ilikuwa na jina lake katika karne ya 16, ilichezwa na watu wa kawaida, na katika kumbukumbu hiyo ya mapema haikupigwa kwa zumari bali kwa chombo kinachokaa mdomoni.

Sasa nirudi Tulloch. Ukiuliza tuni hii ilitoka wapi utapewa hadithi mbili, na kila hadithi ina mahali pake ambapo mtu anaweza kwenda akasimama.

Ya kwanza ni ya Tullich, karibu na mji wa Ballater katika bonde la mto Dee. Inasimuliwa kwamba Jumapili moja ya baridi kali waumini walifika kanisani wakamkosa mchungaji, ambaye alikuwa amecheleweshwa na hali ya hewa. Walingoja. Baridi ilipowazidi wakaanza kupiga makofi na kukanyaga miguu ili damu itembee, kukanyaga kukawa na mpangilio, mpangilio ukaleta muziki, mtu akatumwa kuleta kileo, na hatimaye watu wote wakawa wanaruka na kuzungushana. Mchungaji alipoingia na kuona Siku ya Bwana imegeuzwa karamu, aliwalaani. Na kabla ya mwaka kwisha, hadithi inasema, wote waliocheza walikuwa wamekufa.

Nilikwenda Tullich mwezi wa Machi. Kanisa ni gofu lisilo na paa kando ya barabara, limezungukwa na makaburi na ukuta wenye mviringo, na humo kumehifadhiwa mawe ya kale yaliyochongwa misalaba, pamoja na jiwe lenye alama za Wapikti, watu waliokaa eneo hilo kabla Kigaeli hakijatawala. Mahali hapa pamejaa hadithi. Mtakatifu Nathalan, anayehusishwa na kanisa hilo, anasemekana alijifunga mnyororo kwa ajili ya toba, akatupa ufunguo mtoni Dee, na akaja kuukuta ufunguo uleule ndani ya tumbo la samaki huko Roma. Nilisimama ndani ya kuta zile kwa muda usiozidi robo saa, upepo ukitoka mtoni, na nilijikuta nakanyaga chini mguu mmoja baada ya mwingine pasipo kukusudia. Sidai kwamba hilo linathibitisha lolote. Ila tangu siku hiyo sehemu ya kwanza ya hadithi ile, ile ya miguu, haijanipa shida kuiamini.

Hadithi ya pili inatupeleka upande wa pili wa milima, kwenye Tulloch nyingine iliyo katika Abernethy, bonde la mto Spey. Huko mhusika mkuu ni Iain Dubh Geàrr MacGregor, yaani John mweusi mfupi wa ukoo wa MacGregor, na ili kumwelewa lazima ujue kilichoupata ukoo wake. Mwezi Februari mwaka 1603 Wamacgregor waliwashinda Wacolquhoun katika pigano la Glen Fruin kwa umwagaji mkubwa wa damu, na miezi michache baadaye serikali ya mfalme ililipiga marufuku jina lenyewe la MacGregor. Aliyeendelea kulitumia alijiweka nje ya ulinzi wa sheria, na kumuua halikuwa kosa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1661, ikarudishwa mwaka 1693, na haikufutwa kabisa mpaka mwaka 1774. Basi Iain Dubh Geàrr alikuwa mtu wa kuwindwa. Alipendana na Isobel, binti wa Tulloch, na mwanamume aliyekuwa ameukosa uchumba wa binti huyo akaja na kundi la watu wenye silaha kumkamata. Walimkuta katika banda la nafaka. Alisimama mlangoni akapigana, naye Isobel nyuma yake akawa anashindilia baruti na risasi bunduki moja baada ya nyingine na kumpa, mpaka waliowavamia wakaanguka au wakakimbia. Hapo, kwa furaha ya kuwa hai, Iain alicheza dansi ambayo haikuwahi kuchezwa kabla ya siku hiyo, na tuni aliyoiimba akicheza ndiyo rili ya Tulloch.

Watu hupenda kuchagua. Kuna wanaoapa kwa kanisa la Tullich na kuna wanaoapa kwa banda la Abernethy, na nimewahi kukaa kati ya wawili waliobishania jambo hilo kwa saa nzima wakati chai ikipoa. Mimi sichagui, na sababu yangu ni umbo la hadithi zenyewe.

Hadithi ya Tullich ina umbo la mahubiri. Katika karne ya 17 mabaraza ya makanisa ya Uskoti yaliwaita wapiga zumari na wachezaji dansi kujibu mashtaka ya kuvunja heshima ya Jumapili, na kumbukumbu zao zimejaa faini na aibu za hadharani kwa makosa ya aina hiyo. Kijiji kizima kufa ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya dansi ni jambo ambalo mhubiri angependa sana watoto walikumbuke. Hadithi ya Abernethy nayo ina umbo la wimbo wa shujaa: mwindwa mmoja dhidi ya wengi, mpenzi mwaminifu, ushindi mlangoni. Ukoo uliokatazwa kutumia jina lake kwa vizazi kadhaa ulikuwa na kila sababu ya kulihifadhi jina hilo ndani ya tuni, mahali ambapo hakimu hawezi kulifuta. Nadhani hadithi zote mbili zinatueleza kwa ukweli watu waliozisimulia walichokiogopa na walichokitamani. Kuhusu mtunzi wa tuni, hazinishawishi.

Kinachonishawishi ni jina. Katika Kigaeli, tulach ni kilima kidogo, na ramani ya Uskoti imejaa Tulloch, Tullich na majina mengine yaliyozaliwa na neno hilo. Maneno ambayo mwalimu wangu aliniimbisha, na ambayo yamekuwa yakienda na tuni hii kwa vizazi, hayasemi lolote kuhusu bunduki wala kuhusu mchungaji. Kwa tafsiri yangu yanasema: kutoka Tulachan hadi Bealachan, kutoka Bealachan hadi Tulachan, tusipopata bia Tulachan tutakunywa maji ya Bealachan. Na bealach ni kipito kati ya milima. Wapo wanaoifungamanisha Bealach na Balloch, jina la kale la Taymouth kando ya ziwa Tay, jambo linaloongeza mahali pa tatu kwenye ubishi ambao tayari ulikuwa na sehemu mbili. Lakini ukiyasikiliza maneno kama msemaji wa Kigaeli anavyoyasikia, ni watu wanaotembea kutoka kilimani hadi kipitoni na kurudi, wakitafuta kinywaji. Yeyote aliyeishi karibu na kilima chenye jina hilo angeweza kuusikia wimbo na kusema kwamba ni wa kwao, kisha akauundia kisa.

Hapa ndipo ile hesabu ya noti nne inaponirudia. Nilipokuwa nimekaa wiki mbili nikiimba maneno tu, niligundua kwamba Tulachan ina silabi tatu na mkazo uko kwenye ya kwanza, na Bealachan vivyo hivyo. Ukiongeza kiunganishi cha silabi moja kinachofuata kila jina, unapata silabi nne: pigo moja kamili la rili. Hakuna silabi inayobaki nje wala nafasi inayokosa silabi. Ulimi unapiga mdundo wenyewe bila kuhesabu. Nilijaribu kuimba polepole nikashindwa, kwani maneno yanagoma kutamkwa taratibu. Nilipoongeza mwendo yakakaa sawa, na kisigino changu kikaanza kugonga sakafu. Tuni ya namna hii, kwa maoni yangu, haikutungwa kwanza na vidole kisha ikapewa maneno ya kubandika. Ilitoka mdomoni, na vyombo viliifuata baadaye.

Aina hiyo ya uimbaji ina jina lake, port-à-beul, muziki wa mdomo, na ilitumika popote watu walipotaka kucheza bila kuwa na fidla wala zumari. Mara nyingi husimuliwa kwamba ilizaliwa baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, eti kwa sababu serikali ilipiga marufuku zumari na watu wakalazimika kuimba. Naomba tuiache hadithi hiyo. Sheria ya kuwanyang'anya silaha watu wa Nyanda za Juu ilizungumzia silaha na mavazi. Zumari halikutajwa humo. Kilichochangia imani hiyo ni kesi ya James Reid, mpiga zumari wa jeshi la Wajakobi, yaani waasi walioshindwa Culloden, aliyejitetea mjini York kwamba hakubeba silaha yoyote, mahakama ikajibu kwamba kikosi cha Nyanda za Juu hakiendi vitani bila zumari na hivyo zumari ni chombo cha vita. Alinyongwa mwezi Novemba mwaka huo. Ni tukio la kweli na la kuumiza, lakini lilimhusu mwasi aliyetekwa, wala halikuwa amri ya kunyamazisha vijiji. Muziki wa mdomo haukuhitaji marufuku ili uzaliwe. Ulihitaji tu jioni ndefu, watu wanaotaka kucheza, na nyumba isiyo na mpigaji.

Kuhusu maandishi nitakuwa mfupi, kwa sababu maandishi yalichelewa. Rili ya Tulloch inapatikana katika mikusanyo ya wapiga fidla ya karne ya 18, wakati wachapishaji wa Edinburgh kama Robert Bremner, aliyeanza kutoa mkusanyo wake wa rili za Kiskoti mwaka 1757, walipogundua kwamba matabaka ya mjini yalikuwa tayari kununua noti za dansi. Baadhi ya watu hutumia jambo hilo kudai kwamba tuni ni ya fidla na wapiga zumari waliiazima. Hoja hiyo inasahau jambo la msingi: mpiga fidla wa mjini alisoma na kuandika noti, ilhali mpiga zumari wa Nyanda za Juu alifundishwa kwa sikio na kwa kuimbiwa, kama mimi nilivyofundishwa. Joseph MacDonald aliandika maelezo ya kwanza ya kina kuhusu zumari hili karibu na mwaka 1760, na hata hayo hayakuchapishwa mpaka mwaka 1803, wakati mwandishi mwenyewe alikuwa amefia India miaka mingi nyuma. Mkusanyo wa Donald MacDonald wenye strathspey na rili za zumari ulitoka mwaka 1828, wa Angus MacKay mwaka 1843, na wa William Ross, aliyekuwa mpiga zumari wa Malkia Victoria, mwaka 1869. Kwa hiyo fidla kutangulia kwenye karatasi kunaonyesha nani alikuwa na kalamu. Hakuonyeshi nani alikuwa na tuni.

Jambo linalonigusa zaidi katika safari hii ni jinsi wapiga zumari wakubwa walivyoibeza rili kwa muda mrefu. Chama cha Highland Society of London kilipoanzisha mashindano ya zumari mjini Falkirk mwaka 1781, kilichoshindaniwa ni muziki mkubwa peke yake. Mashindano yalipohamia Edinburgh, rili zilichezwa katikati ya wapigaji ili kuipumzisha hadhira, kwa kuwa si kila mtu alikuwa na subira ya kusikiliza ombolezo baada ya ombolezo kutwa nzima. Rili ilikuwa mapumziko. Leo, kwenye mikusanyiko mikubwa kama ile ya Oban na ya Inverness, mwendo wa jeshi, strathspey na rili hupigwa mfululizo bila kusimama katika shindano linaloheshimiwa sana, na anayelishinda hukumbukwa. Sijui kama wale mabwana wa mwaka 1781 wangeamini.

Ila heshima hiyo imekuja na gharama. Rili ya mashindano hupigwa taratibu kuliko ile ya dansi, noti ndefu zikirefushwa na fupi zikibanwa ili waamuzi wasikie kila doido limekaa mahali pake. Ni usanii mgumu na sitathubutu kuudharau, kwa kuwa sijaufikia hata nusu. Lakini usikilize rili za zamani zinavyopigwa huko Cape Breton, mkoa wa Nova Scotia nchini Kanada, ambako familia nyingi za Kigaeli zilihamia mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19: noti zinaviringika, zinakaribia kulingana urefu, na mpigaji anagonga sakafu kwa miguu yote miwili akiwa ameketi. Huko zumari liliendelea kuwahudumia wachezaji, na mkono wa mpigaji ukaendelea kutii miguu yao. Nilipoisikia rili ya Tulloch ikipigwa kwa namna hiyo kwa mara ya kwanza, maneno ya kilima na kipito yalinijia mdomoni yenyewe, jambo ambalo halijawahi kunitokea nikisikiliza mashindano.

Dansi yenyewe ipo hai Uskoti. Watu wanne husimama, huanza kwa mwendo mzito na wa madaha wa strathspey, wakipita kati ya wenzao katika njia yenye umbo la nambari 8 na kusimama kuonyesha hatua zao, kisha mpigaji hubadilisha ghafla na kuingia rili ya Tulloch. Hapo wawili wawili huunganisha mikono na kuzungushana, huachiana, hukutana na wa pili, huzungushana tena kwa upande mwingine. Nimeitazama mara nyingi kutoka upande wa mpigaji. Pale mwendo unapobadilika, mabega ya wachezaji hushuka kidogo na nyuso zao hulegea, kama watu waliokuwa wamebeba kitu wakaruhusiwa kukitua. Zungusho hilo la mikono ndilo linaloitenga Hullachan na rili nyingine, na mtu aliyelicheza kwenye chumba baridi atakuambia kwamba baada ya dakika moja baridi haipo tena.

Nilipomweleza mwalimu wangu fikra zangu kuhusu mdomo kutangulia vidole, hakushtuka. Alisema bibi yake aliyemlea hakuwahi kushika zumari lakini alikuwa na rili nyingi kuliko mpiga zumari yeyote aliyemfahamu, na kwamba alipokuwa mdogo na akikosea doido, bibi hakumwambia kidole gani kimekosea, ila alilirudia neno kwa mdomo mpaka kidole kikajirekebisha. Hadithi ya MacGregor anaipenda na huisimulia kila mwaka. Ya Tullich haipendi, kwa sababu, alisema, hakuna mchungaji mwenye akili ambaye angewalaani watu kwa kutaka kupata joto.

Wiki iliyopita hatimaye aliniruhusu nichukue chanta. Sehemu ya kwanza inapita. Katika sehemu ya pili kuna mahali ambapo kidole kidogo cha mkono wa chini lazima kiikate noti ya A ya chini mara mbili kwa mfyatuko mmoja, doido linaloitwa birl, na mahali hapo panaangukia sawasawa kwenye jina la Bealachan. Kidole changu kinafika kimechelewa kila mara, noti zinagandana, na tuni inajikwaa. Mzee haniambii kitu kuhusu kidole. Anaweka viganja juu ya magoti, ananitazama, na kulitamka jina lile tena, silabi tatu, mkazo mwanzoni, nami naanza upya.